Wakwe wa Tangi la Pili

Kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, vijidudu vinavyokula uchafu viliitwa wakwe: lazima wale kwa wakati, wasikorofishwe, na wakinuna kila mtu atajua. Mwangalizi wa matangi naye aliitwa Pua. Mwanamke huyu aliweza kuinama ukingoni, akavuta pumzi mara moja, akajua kama wakwe wameshiba au wameamka na kisirani. Vipimo vya maabara vilikuja baadaye, na kwa kuwa mara nyingi vilimuunga mkono, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Kwa hiyo tangi la pili lilipoacha kunuka, hakushtuka. Alifurahi. "Wakwe wameridhika," aliwaambia wenzake, wakacheka. Hata tope lililotolewa humo na kuanikwa liwe mbolea lilikauka bila harufu, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake. Bustani ya mama ilikuwa matuta machache tu ya nyanya na vitunguu nyuma ya nyumba, lakini tangu baba afariki ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi. Miaka yote alikuwa ameikataa mbolea ya mtamboni. "Mwanangu, nakupenda, ila hicho kitu chenu kisivuke kizingiti changu." Safari hii Pua alimpelekea magunia. Mama akachota kiganja, akanusa, akanusa tena.

"Haya, leo umeniletea kitu cha maana," akasema, na siku hiyohiyo akaichanganya na udongo.

Nyanya zilipoanza kuzaa, maji ya tangi la pili yakaanza kutoka na ukungu. Mpimaji wa maabara, mtu mpole asiyependa kupeleka habari mbaya, alimwita pembeni.

"Dada, wale wakwe zako hawajaridhika. Wamekufa."

Akamweleza. Kiwanda cha soksi kilichokuwa kando ya barabara kilitia kwenye nyuzi vumbi la madini ya fedha, punje ndogo mno ambazo hata darubini yao mtamboni haikuziona. Ilibidi sampuli ipelekwe kwenye maabara kubwa. Vumbi hilo huua vijidudu vya jasho, ndiyo maana soksi zile hazinuki. Nyuzi zikioshwa, linatoka na maji yanayoishia tangi la pili. Pua aliyatazama mabuti yake. Kiwanda kilikuwa kimewagawia wafanyakazi wote wa mtambo soksi hizo, na yeye ndiye aliyezisifia kuliko wote.

"Likishaingia tangini linakwenda wapi?"

"Sehemu kubwa inashuka na tope."

Sasa Pua aliona jambo lilivyo. Tope halikunuka kwa sababu halikuwa na kitu hai cha kuliozesha. Harufu ilikuwa imetoweka kweli. Yeye ndiye aliyeelewa vibaya.

"Nimempa mama," alisema.

Mpimaji akamjibu: "Sitaki kukudanganya. Huenda likalala tu udongoni bila kumdhuru mtu. Huenda mizizi ikalinyonya. Hakuna ajuaye vizuri. Ila angekuwa mama yangu, ningeliondoa."

Jioni ile mama alidhani anataniwa. Alipoona mwanawe hacheki, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa na kusikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nashangaa nyungunyungu wamehamia wapi," alisema. "Nikajiambia labda ni jua."

Kisha akainuka, akashika mche wa kwanza, akaung'oa. Nyanya zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kugeuka rangi. Pua aliumia sana. Afadhali angegombezwa. Waling'oa wote, wakachimba udongo hadi ulipobadilika rangi, wakaujaza kwenye magunia yaleyale.

"Unaupeleka wapi udongo wangu?"

"Jaani, mama. Kule wanaufukia."

"Na mvua ikinyesha huko?"

Pua alijua jibu, na alitamani asilijue. Maji ya mvua hupenya kwenye takataka zote, hukusanyika kwenye shimo la chini, kisha gari huyafyonza. "Yanaletwa kwetu," alisema. "Matangini."

Mama alikung'uta mikono. "Basi hatujautupa," akasema, akaingia ndani.

Kiwanda kiliambiwa kichuje maji yake chenyewe, kikajibu kwamba kinalitafakari jambo hilo. Mtamboni walichota wakwe kutoka tangi la kwanza, wakawatia kwenye la pili, na taratibu likaanza kunuka tena. Pua alikuwa akienda kulinusa hata siku zisizo za zamu yake. Kwa mama hakukuwa na la kunusa. Alikuwa ameacha kuamka mapema, na mlango wa nyuma ulikuwa haufunguliwi.

Mvua zilipokwisha, gari la maji ya jaa liliingia getini. Dereva aliunganisha mpira kwenye bomba la tangi la pili.

"Fungua, dada, nina safari nyingine."

Pua aliinama akanusa. Maji yalinuka uozo wa kawaida, wa siku zote. Udongo wa mama ulikuwa mle ndani, na hakuweza kuusikia. Hapakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka.

"Mnisamehe, wakwe zangu," alisema, akafungua koki. Wenzake walisikia, na safari hii hakuna aliyecheka.