Egidi Chini ya Turubai la Bluu

Ko, ko, ko. Jogoo walikuwa bado hawajawika. Kunigunda alidhani ni panya, kumbe ni kidole gumba cha mguu wa mumewe kikigonga ubao wa kitanda. Miguu ya Egidi ilikuwa haijasogea tangu alipoanguka kwenye ngazi mbovu ya kupakilia makaa ya mawe, kule mgodini.

Mjukuu wao Aurelia, anayefanya kazi maabara huko Morogoro, alikuwa amekaa pembeni na tochi ya mwanga wa bluu. Jumapili alimchoma babu yake sindano.

"Ndani ya chembe za mwili mna protini, Bibi. Hii niliyomchoma Babu nimeiwekea swichi. Mwanga wa bluu unaiwasha, miguu inasogea; giza linaizima."

"Haya," alisema Kunigunda, akaenda kukoroga uji.

Aurelia aliporudi kazini, tochi iliisha nguvu. Kunigunda akatundika uani turubai la bluu la kuanikia kahawa. Jua likapenya, Egidi akasimama chini yake.

"Mama Tadea," alimwambia mkewe, "nataka kwenda mgodini. Ile ngazi wameiunga kwa waya tu, na vijana bado wanaipanda. Wakubwa wakiniona mwenyewe wataibadilisha."

Majirani wanne wakalibeba turubai juu yake kwa nguzo, kama linavyobebwa hema juu ya Ekaristi kwenye maandamano ya kanisani. Nguzo alizitoa jirani yao Urbani. Alizing'oa kwenye kichanja chake, kahawa yake akaiacha mkekani.

Njiani watu walipiga magoti na kufanya ishara ya msalaba.

"Inukeni, ni mimi Egidi!"

"Tumeshapiga, wewe pita tu," alijibu mama mmoja.

Getini msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama miguu.

"Mzee, si unatembea? Basi ngazi haina shida."

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anaipanda, na ndoo kichwani.

Wingu likapita. Egidi akalegea taratibu, Urbani akampokea mgongoni kama mtu anayepokea mzigo wa kuni. Walipofika nyumba iliyo mkabala na geti, mwenyeji wake, Scholastica, aliwatolea maji wote, akianza na walioshika nguzo. Kisha alishika pindo la turubai, akalitazama jua likitoka tena.

"Mama, mume wangu yumo ndani," alimwambia Kunigunda. "Alianguka ngazi hiyohiyo wakati wa Kwaresima. Mjukuu wako akija, mje tena. Tafadhali, mje naye kwangu."