Amina kwa Ninong Teban

Ninong Teban alisimama kizingitini, kofia kifuani, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo kama aliyeshika kitu cha wizi. Uani vijiko vilikoma. Ukoo mzima ulinitazama mimi.

Kwetu Negros, kisiwa cha Ufilipino, mtoto hamwamkii mkubwa kwa maneno mengi. Huutwaa mkono wake, huinama, huugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe na kusema neno moja: "Amina." Mkubwa hujibu, "Mungu akubariki." Katika nyumba yetu, mtoto hainuki kabla ya kujibiwa. Na ninong, msimamizi wa ubatizo, akinyimwa salamu hiyo na mtoto wake wa ubatizo mbele ya ndugu, amekwisha kufukuzwa hata asipoambiwa toka.

Ni Ninong Teban aliyenishika kichwa juu ya maji ya ubatizo. Ni yeye pia aliyeendesha lori la miwa, amelewa tembo la mnazi saa nne asubuhi, lilipopinduka darajani huku kaka yangu Efren ameketi juu ya shehena. Efren alifia pale pale. Alifungwa miaka minne. Wiki aliyotoka, Mama alimtumia ujumbe: siku ya kumbukumbu ya Efren, njoo ule nasi.

Watu walidhani miaka hiyo nilijaa hasira. Laiti. Hasira ina joto. Mimi nilikuwa kama ufizi uliodungwa ganzi: jino nilijua liko, ila sikulisikia. Chuoni, katika umoja wa vijana wa parokia, niliwahi hata kufundisha somo la msamaha. Nilipigiwa makofi.

Asubuhi ile nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa akikuna nazi.

"Mama, mimi siwezi kumwamkia. Sisikii chochote moyoni. Nitakuwa mnafiki."

Hakuinua macho. "Nani kakuuliza unasikia nini? Ulipokuwa unalia alfajiri nikaamka kukunyonyesha, unadhani nilikuwa nasikia nini? Usingizi tu. Mbona ulishiba?"

Sasa, Ninong akiwa kizingitini, Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika upawa, wala hakunisukuma. Aliyesema ni Shangazi Luding.

"Ingia basi, Teban, unatuzibia upepo! Au huko jela ndiko walikokufundisha adabu ya kubisha hodi?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Ninong alirudi hatua moja nyuma. Nikaelewa kwamba akirudi ya pili hataonekana tena, na kwamba hatua hiyo ya pili ilikuwa mikononi mwangu.

Nilimwendea.

"Nipe mkono, Ninong."

"Huu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huu haufai, mwanangu."

"Sijauliza kama unafaa."

Niliuvuta kutoka nyuma ya mgongo wake. Ulikuwa mkavu, mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Niliinama, nikauweka kwenye paji la uso wangu.

"Amina."



Nilibaki nimeinama. Niliziona kandambili zake, moja imeshonwa kwa waya. Uani mafuta ya nguruwe yalikuwa yakidondokea makaa. Nilingoja kitu kiyeyuke ndani yangu, kama nilivyowaahidi wale vijana wa parokia kwamba kitayeyuka. Hakuna kilichoyeyuka. Nilikuwa msichana aliyeinama mbele ya mlango, basi.

"Mjibu mtoto, wee mzee," Shangazi Luding alisema, safari hii taratibu. "Mgongo utamvunjika."

"Mungu," Ninong alisema, akakwama. Mkono ulikuwa bado kwenye paji la uso wangu. Angeweza kuuchukua, sikuwa nimeubana. Hakuuchukua.

"Mungu," alianza upya, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani, "akubariki, Marivic."

Niliinuka. Mama alikuwa ameanza kumpakulia wali, na vijiko vikarudi kazini kimoja kimoja.

Shingo iliniuma hadi Jumatatu, darasani. Katika siku ile yote, hicho ndicho kitu pekee nilichokisikia.