Kituo cha Saba

Torgeir Bakkehaug hakuwa mtu wa kuchelewa. Barua ya gereza ilimtaka afike Jumanne, kabla ya saa nane mchana, atumikie siku zake ishirini na moja. Akihesabu hivyo angetoka tarehe ishirini na nne Septemba, na tarehe ishirini na tano msimu wa kuwinda kulungu wakubwa ungefunguliwa. Akifika baada ya saa nane, angepangiwa tarehe nyingine, na tarehe nyingine ingeangukia humo humo msimuni.

Sasa elewa: kikundi chao cha wawindaji kina sheria moja isiyoandikwa popote. Usipokuwepo asubuhi ya kwanza kituoni kwako, pale unapomvizia mnyama, kituo anapewa mwingine, na hakirudi tena. Torgeir alikaa kituo cha saba, kwenye jiwe la kando ya kinamasi. Baba yake alikalia jiwe hilo hilo. Aliyekuwa akilimezea mate ni jirani yake Oddleiv.

Kosa la Torgeir? Alinyang'anywa leseni kwa mwendo wa kasi, kisha akakamatwa akiendesha kwenda kununua kahawa. Kahawa, jamani! Torgeir alimwambia jirani yake kwamba anakwenda kuota jua Uhispania. Oddleiv akaitikia, "Haya, safari njema," bila swali la pili. Miaka thelathini walikuwa wakipungiana mikono juu ya uzio, na kuulizana mambo kulikuwa ni kukosa adabu. Oddleiv alikuwa mpishi wa mahali fulani serikalini. Mahali gani? Nani aulize!

Jumanne hiyo basi halikuja. Kijijini lilikuwa moja tu, la shule, na walimu walikuwa na kikao. Teksi ya wilaya ilikuwa imempeleka mgonjwa hospitali. Saa saba kasoro dakika kumi, Torgeir akatazama dirisha la Oddleiv. Gari la jirani halikuwepo, na hata lingekuwepo, kuomba lifti angeanzaje? Ingembidi aseme anakwenda wapi. Akachukua funguo zake.

Aliendesha kilomita hamsini kwa mwendo wa kobe, mkanda kifuani, taa zikiwaka, akisimama kila penye alama hata kondoo wakamshangaa. Saa nane kasoro dakika tatu akaegesha mbele ya gereza. Kibao kikamtia wasiwasi.

"Dada," akamuuliza askari wa mapokezi, "pale nje wameandika kuegesha kusizidi muda wa saa mbili. Mimi nakaa wiki tatu. Gari niliweke wapi?"

Askari, aliyeitwa Siv, akaweka kalamu chini. "Nani amekuleta, mzee?"

Kudanganya kulikuwa rahisi kabisa. Shangazi, binamu, yeyote angefaa. Lakini Torgeir hakuwahi kuidanganya ofisi ya serikali, na kuanza uzeeni aliona aibu.

"Nimejileta."

"Umekuja kufungwa kwa kuendesha bila leseni, ukiendesha bila leseni?"

"Nisingekuja ningekuwa nimevunja sheria."

"Lo! Mzee wangu, na hii nayo si umeivunja?"

"Ndiyo. Lakini nimewahi."

Siv alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha akawapigia polisi simu, maana hakuwa na la kufanya. Gari likakokotwa. Wiki iliyofuata hakimu akamsikiliza kwa dakika tisa, Torgeir akakiri hata kabla swali halijaisha, akaongezewa siku kumi na nne. Tarehe ishirini na tano ikapotea hivyo hivyo.

Lakini nimeruka jambo. Jioni ile ya kwanza, Torgeir alisimama kwenye foleni ya chakula na sahani yake. Upande wa pili wa sufuria, na upawa mkononi, alikuwa Oddleiv.

Wakatazamana.

"Uhispania kunaonekana kuna mawingu," akasema Oddleiv.

"Kumbe unafanya kazi hapa?"

"Mwaka wa kumi na tisa. Kila siku napita pale kwako kwa gari saa moja asubuhi, na kiti cha pembeni kitupu. Si ungesema tu, mwanaume wewe!"

Samaki wa Torgeir alipoa bila kuguswa.

Mwisho wa Septemba Oddleiv alirudi kutoka likizo ya siku tano. Akamwita Torgeir jikoni, kinyume cha taratibu zote, akamkalisha mbele ya kikaango cha ini na vitunguu.

"Kulungu dume," akasema polepole. "Alipita pale pale jiweni, saa moja na robo."

"Ulikaa upande gani?"

"Wa kushoto. Pamechimbika kidogo."

"Hapo ndipo alipokuwa akikaa baba."

Ini lilikuwa tamu, na utamu wenyewe ndio uliomliza. Alilia waziwazi mbele ya jirani, akipangusa machozi kwa mkate, na Oddleiv akageukia masinki akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Torgeir akameza tonge la mwisho. Akakohoa mara mbili.

"Oddleiv, tarehe nane natoka. Utanipa lifti?"

"Saa kumi na moja jioni nakuwa nimemaliza zamu," akasema Oddleiv. "Usinicheleweshe."