Mshika Bawa

Watu hudhani ndege isiyo na injini inahitaji upepo tu. Inahitaji watu. Mmoja aendeshe winchi kule mwisho wa uwanja, aivute ndege kwa kebo mpaka ipae. Mwingine ashike ncha ya bawa lisilale chini, akimbie nalo hatua chache, kisha aliachie. Na rubani ndani. Bila hao, ndege ni kabati lenye mabawa.

Mimi ndiye wa winchi. Rubani alikuwa kaka yangu, fundi friji, ambaye klabu nzima ilimwita Mwewe. Nasema klabu nzima kwa mazoea tu. Zamani tulikuwa wengi, tuligombea zamu. Kisha mwenzetu mwalimu wa shule akaoa, muuza rangi akapata watoto, wengine wakachoka kushinda juani kutwa kwa ajili ya dakika chache za angani. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu, tena sana.

Tukabaki wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwetu hata viwili havikutosha. Ndipo akaja msusi, ambaye alikuwa akiiona ndege yetu kutoka mlangoni mwa saluni yake.

"Mzee, na mimi naweza kupanda?"

"Kwa nini usiweze?" kaka akamjibu. "Ina viti viwili."

Viti vilikuwepo. Lakini msusi akipanda, bawa atashika nani? Hapo ndipo tulipokwama miaka yote ile: mgeni tuliyemhitaji chini ndiye huyo huyo tuliyemwahidi angani. Wengi kabla yake walishika, wakaahidiwa, wakaenda zao. Yeye alirudi. Alifunga saluni Jumamosi, siku ya wateja, akaja kukimbia na bawa.

"Usilikamate, mwanangu," kaka alimfundisha. "Fungua kiganja. Bawa linasindikizwa tu."

Akalisindikiza, kisha akabaki chini ameinua uso. Kaka akitua humwambia, "Jumamosi ijayo. Akipatikana wa nne tu."

Baadaye daktari akasema moyo wa kaka umechoka, mwisho wa mwezi harushi tena ndege. Ilibaki Jumamosi moja, na rubani mwingine hatukuwa naye. Nikawapigia simu wenzetu wote wa zamani, aje hata mmoja ashike bawa ili msusi apande.

"Dada, usiwe na wasiwasi, nipo," akasema mwalimu.

"Kwa ajili ya Mwewe?" akasema muuza rangi. "Hata kwa kutambaa nitakuja."

Siku ile hali ya hewa ilitupendelea mno. Msusi alikuja na suruali mpya. Tukasubiri. Mwalimu hakupokea simu. Muuza rangi alipokea, nikasikia muziki wa harusi nyuma yake. "Dada, nimebanwa, si unajua mambo ya familia." Visingizio havijawahi kukosa mwenyewe.

Jua likaanza kushuka. Nikamwambia kaka, "Ruka peke yako. Usipoteze siku yako ya mwisho."

"Ruka tu, mzee," akasema msusi. "Mimi nitashika. Nimeshazoea."

Kaka akaingia, akafunga mikanda. Nadhani ni lile neno "nimeshazoea" lililomshinda. Akafungua mikanda, akatoka taratibu.

"Nimemdanganya huyu mtoto vya kutosha," akasema. "Siruki nikimwacha tena chini."

Tukaisukuma ndege kibandani sisi watatu. Kaka alifunga mlango, akakaa juu ya ndoo, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

Mwezi uliofuata hakuumaliza.

Mazishini wakaja wote. Magari yalijaa hadi barabarani. Mwalimu alikuja, muuza rangi alikuja, wakaja hata ambao majina yao nilikuwa nimeyasahau. Wakati wa kulibeba jeneza walisukumana, kila mmoja akitaka kushika. Nikatazama mikono yote ile, hasira ikanipanda. Mtu mmoja angetosha. Mmoja tu, Jumamosi moja.

Msusi alikuwa nyuma kabisa, hana pa kupenya. Nikamvuta mpaka mbele, nikamgusa mwalimu begani.

"Toka."

"Dada, mimi na Mwewe tulikuwa..."

"Toka hapo. Mpishe mshika bawa."

Akatoka. Msusi akasogea akilia, akaweka mkono chini ya jeneza, kiganja wazi kama alivyofundishwa, akamsindikiza.