Msamaha wa Kodi na Nyanya za Ilula

Kiwanda cha rojo la nyanya hapa Ilula kilisamehewa kodi kwa ahadi moja: kitanunua nyanya zetu. Miaka ya msamaha inakaribia kwisha, na sijaona hata tenga langu moja likiingia getini kwake.

Juzi meneja Ezron, kijana wa Mbeya mwenye maneno matamu, alinifuata shambani, maana mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima.

"Mama Apolonia, kesho wakaguzi wa msamaha wanakuja. Leteni nyanya, mseme huwa mnatuuzia. Tukiongezewa muda, zako nanunua zote."

Alijua pa kunishika. Shamba langu lilikuwa jekundu, na wachuuzi wa Dar es Salaam hawagusi nyanya iliyoiva, itapondeka njiani. Nikamwambia nyanya tutaleta. La kusema sikumwahidi.

Wanakikundi wakachuma kama walivyozoea tangu wapate akili: zile zilizoanza tu kugeuka rangi, za kuhimili safari ya Dar. Asubuhi matenga yakapangwa getini, kijani kitupu, na hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Mkaguzi mmoja, mama mpole aitwaye Esnath, akaokota moja, akaibonyeza. "Rojo jekundu mnalitoa kwenye hizi?"

Ezron akasema huwa zinaivia stoo. Esnath akaomba stoo ifunguliwe. Ndani, pembeni ya mashine ya kusagia isiyo na hata doa la nyanya, kulijaa mapipa ya rojo kutoka nje ya nchi. Kazi ya kiwanda ilikuwa kulipakia tu kwenye vikopo. Nilikasirika.

"Mama, umewahi kuwauzia?" Esnath akaniuliza.

Ezron alinitazama. Nililiona shamba langu lote likioza.

"Sijawahi."

"Basi msamaha ufutwe?"

"Hapana. Upimwe kwa nyanya wanazonunua. Mimi nalipa ushuru kwa kila tenga, niwe nimepata faida au hasara. Wao wanasamehewa kwa lipi?"

Esnath akasema hatapendekeza nyongeza yoyote ya msamaha bila mzani getini na risiti za wakulima. Gari la wakaguzi likaondoka.

Ezron akabaki anakuna kichwa. Alikuwa amenuna, wala sikujali. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Zile nyekundu bado zipo, mama?"

"Zipo. Lete lori. Na mzani."