Faili la Famasi

Wauguzi walimwita Dada wa Dirishani, na jina hilo lilimkera kweli kweli. Yeye alikuwa mfamasia wa kliniki. Alisomea kupita kitanda kwa kitanda na kuangalia kama dawa inamfaa mgonjwa aliyelala pale, si kusukuma vidonge kwenye tundu la kioo kutwa nzima. Lakini mkuu wake alishikilia kwamba foleni ya dirishani iishe kwanza, na foleni ilipoisha madaktari walikuwa wamemaliza raundi zamani. Basi wakakubaliana: akiona tatizo aandike karatasi ya ushauri, aiache wodini, daktari ataisoma.

Akaandika. Mungu ni shahidi, aliandika mpaka vidole vikamuuma.

Kitanda cha nne, wodi ya wanawake, kulikuwa na bibi mmoja aliyechomwa sindano ya gentamaisini kila asubuhi kwa ajili ya maambukizi ya figo. Chati ilisema ana kilo sabini na moja. Sabini na moja za wapi? Uzito huo ulinakiliwa kutoka faili la miaka miwili nyuma, na tangu hapo bibi alikuwa amekonda akabaki mifupa. Siku ya tatu mfamasia alimpandisha kwenye mzani mwenyewe: arobaini na tatu. Sindano ile hupimwa kwa uzito. Ikizidi hula figo, na figo angalau hupona. Hula na masikio, na hayo yakishaharibika hayarudi.

Akaandika: uzito si sahihi, punguzeni dozi, pimeni figo. Siku iliyofuata akaandika tena. Ya tatu akaiandika kwa wino mwekundu. Siku ya sita akampigia daktari simu, akakatizwa kabla hajataja hata jina la mgonjwa.

"Niko kwenye raundi, dada. Wewe andika tu, nitaona."

Siku ya tisa akafungua chati, akakuta dozi ni ile ile. Mori ukampanda. Siku zote hizo kumbe alikuwa anampigia mbuzi gitaa.

"Sista, karatasi zangu mnazipeleka wapi?"

"Zipo zote," alisema muuguzi mkuu wa wodi, bila wasiwasi. "Muulize karani."

Karani wa wodi alikuwa mzee nadhifu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alivuta droo akatoa faili nene. Jalada lake liliandikwa FAMASI kwa mwandiko wa kupendeza. Ndani, karatasi zake zote zilikuwa zimetobolewa, zimepangwa kwa tarehe, zimepewa namba.

"Mwaka jana tulikuwa na karatasi tisa tu," mzee alisema, uso umechanua. "Leo mia moja na kumi na mbili! Wakaguzi wakija watajionea wenyewe huduma ya famasi ilivyoimarika."

"Na dokta ameziona?"

"Dokta? Dokta anasoma mafaili ya wagonjwa, mwanangu. Hili si lenu nyinyi?"

 Ubaya wake ni kwamba mzee hakuwa na hila yoyote. Ungemgombeza vipi mtu aliyekutunzia vitu vyako vizuri hivyo? Akalibeba faili, akamkuta daktari kando ya kitanda cha tatu, akalibwaga mbele yake likiwa wazi kwenye karatasi za kitanda cha nne.

"Soma!"

Daktari akasoma karatasi moja, ya pili, ya tatu. Rangi ikamtoka. "Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia? Nimeandika mara tatu! Nimepiga simu! Ulitaka nipande juu ya paa?"

"Dada, usitupigie kelele mbele ya wagonjwa," sista aliingilia, naye akipiga kelele kuwashinda wote. Karani akafika mbio kutetea faili lake. Daktari akasema kosa ni la waliompokea mgonjwa; sista akasema waliompokea walifuata chati. Wodi nzima ikageuza shingo. Hata mgonjwa wa kitanda cha mwisho, aliyekuwa hajaamka tangu asubuhi, aliinua kichwa kuuliza kuna nini.

Mwishowe daktari akachukua kalamu, akaifuta ile sindano, akaandika bibi apimwe damu kuangalia figo leo hii. Kisha akasema kwa unyonge, "Kuanzia kesho njoo raundi. Nitaongea na mkuu wako. Foleni itangoja."

Miaka miwili alikuwa akiliomba hilo. Mfamasia akashusha pumzi, akageukia kitanda cha nne ampe bibi pole kwa fujo zile.

Bibi alikuwa ameketi, amemshika binti yake mkono, macho yakienda kutoka mdomo huu hadi ule.

"Mwanangu," alimuuliza binti yake kwa sauti kubwa iliyofika hadi mlangoni, "mbona leo watu wote wananong'ona?"