Nzi wa Mama Mkwe

Yai la kwanza lilipasuka fundi saa akiwa bado na mswaki mdomoni. Aliinama juu ya kisanduku cha mchanga wenye unyevu, akaona kichwa kikichungulia, kisha mguu, kisha kinyonga mzima, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

"Mke wangu, njoo uone, wanatoka," akaita, povu likimrukia shati.

Furaha ilimpanda. Miezi yote hiyo aliyalinda mayai yale kama mboni ya jicho. Kizazi kilichopita kilimfia chote kwa njaa, kwani hakuwa na wadudu wadogo wa kutosha vinywa vile. Safari hii alijipanga: chupa za ndizi zilizooza, zimefunikwa kitambaa, ndani nzi wa matunda tele.

Akakimbilia jikoni kuzichukua. Zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, zinang'aa. Mama mkwe, aliyekuja jana kuwasalimia, alikuwa akifuta ya mwisho.

"Baba, humu mlikuwa mnafuga uchafu," akasema kwa upole. "Nimeziloweka kwa maji ya moto."

Sasa mama mkwe utamwambia nini? Fundi akapokea sinia. "Ahsante, mama," akasema, na roho inamuuma kwelikweli.

Mkewe hakuwa na aibu hiyo. "Mama, umemwaga chakula cha watoto."

"Watoto gani?"

Wakampeleka chumba cha nyuma. Vinyonga walishatoka kumi na kitu, wameng'ang'ania vijiti, kila jicho likizunguka kivyake. Mama mkwe aliwatazama weee, kisha akavaa viatu akatoka bila kuaga.

Alirudi anahema, mkononi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

"Nimemwambia muuza matunda anipe maembe yaliyooza na nzi wake wote, afunge haraka wasitoroke," akasema. "Ananiona nimerukwa na akili."

Fundi akafungulia mfuko ndani ya kizimba cha wavu. Nzi wakatawanyika. Kinyonga mmoja akakaza macho yote mawili mbele, ulimi ukachomoka, nzi hayupo. Wote watatu wakaangua kicheko. Akafuata wa pili, na wa tatu, na fundi akajikuta anafuta machozi kwa shati lile lile la povu.

Mkewe akaleta ufagio, aondoe embe bovu lililodondoka mlangoni mwa kizimba.

"Hebu liache hapo," mama yake akamzuia, macho hayabanduki kizimbani. "Wajukuu zangu bado wanakula."